Sakafu Niliyoiandika Vibaya

Mama mmoja muuza vitambaa wa Kasongo aliniomba nisimamie ujenzi wa ghorofa juu ya nyumba yake. Kuta za chini zilikuwa za zamani, hazingebeba beto ya mawe, ile zege nzito, basi nikaamua sakafu ya juu imwagwe beto nyepesi, ya vipande vya matofali ya kuchoma. Kwenye karatasi niliyompa fundi niliandika vipimo vya simenti na mchanga. Kuhusu maji niliandika tu: iwe laini, ipangike vizuri.

Siku ya kumwaga pikipiki ilinikwamia kwenye matope, njia ya Wamaza. Nilipofika kazi ilikuwa imekwisha. Juu ya sakafu maji yalisimama; chini, katikati ya mbao zilizoshikilia beto, yalidondoka ya kijivu. Fundi, mtu mzima kunizidi, alinieleza bila wasiwasi kwamba matofali makavu yalikunywa maji yote, beto ikakataa kupangika, akaongeza ndoo, akaongeza tena, mpaka ikawa laini kama nilivyoandika.

Maji yale yalikuwa yameiua nguvu ya simenti. Karibu mwezi mzima nilipita pale kila asubuhi kuangalia miti iliyoishikilia sakafu, na kila mara niliwakuta washonaji wawili wa yule mama na cherehani zao chini yake, wamefuata kivuli. Niliwaondoa kwa ukali, wakarudi. Mwenye nyumba sikumwambia kitu. Niliogopa.

Siku ya kutoa miti nilivuta uzi chini ya sakafu, ukuta hadi ukuta, nione kama itashuka, nikawatoa watu wote. Mimi na fundi tukalegeza mti wa katikati. Sakafu ikalia, ikashuka, ikausukuma uzi. Mimi nikabaki nimeukodolea uzi macho. Fundi ndiye aliyeugonga mti ukarudi mahali pake, kisha akanivuta nje.

Nikamwendea mama.

"Mama, kosa ni langu. Iko lazima tuivunje."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kumwaga."

Aligeuka akawaangalia washonaji wake, waliokuwa wakikaa kila siku chini ya sakafu ile.

Tuliivunja. Mara ya pili matofali yalilowekwa kwanza, na karatasi ilisema: jaza beto kwenye ndoo isiyo na kitako, inyanyue ndoo, beto ishuke vidole vitatu, isizidi; ikizidi, maji ni mengi. Nilipima mwenyewe, kila mchanganyo. Sakafu ile imesimama. Hata hivyo mama akinialika chai chini yake, huwa nakaa karibu na mlango.