Mama Aligoma Kushuka Kwenye Ndege

Najisifu, tena bila aibu: nauli ya ndege ya mama yangu niliitoa mimi, kwa viazi vyangu. Asiyependa na anune.

Mdogo wangu alipiga simu asubuhi kutoka Dar, uchungu umeanza. Mama alikuwa kwangu Iyunga, hapa Mbeya, amekuja kutoka kijijini Igowole kunisalimia. Akasimama, akakaza kitenge. "Safari hii nampokea mwenyewe," akasema.

Kwetu, bibi mzaa mama ndiye wa kwanza kumpokea mtoto, tena kwa khanga aliyokuja nayo mwenyewe. Mjukuu wa kwanza, wa mdogo wangu huyuhuyu, alipozaliwa Dar, mama alitoka kwangu kwa basi, akashuka pale Igawa amnunulie mzazi mchele. Kugeuka, basi halipo! Alifika kesho yake, mtoto ameshapokelewa na jirani. Hakulalamika, ila khanga yake aliirudisha Igowole haijakunjuliwa. Iliniuma sana. Safari hii alikuja nayo ndani ya mkoba.

Mbeya hadi Dar ni kilomita mia nane na kitu. Basi linaondoka alfajiri, linafika usiku. "Leo tunapanda ndege," nikamwambia. Badala ya kushangaa, mama akachinja jogoo wangu, akamkaanga na kumfunga kwenye mfuko. Safari bila kuku si safari, na jirani wa kiti lazima ale.

Ndani ya ndege jirani alikuwa baba mmoja mwenye tai. "Kamwene!" mama akamsalimia, akamwahidi paja tukifika katikati ya safari. Tukapita juu ya mawingu, soda zikagawiwa, na kabla mama hajamaliza kumhoji yule baba ana watoto wangapi, magurudumu yakagusa chini.

Watu wakasimama. Mama akashikilia mkanda.

"Mama, tushuke."

"Shuka wewe. Hapa watu wanashuka kuchimba dawa tu, wajisaidie safari iendelee. Mimi siachwi tena!"

"Mama, hapa ni Dar!"

"Dar gani na jua hili? Kuku hata hajafunguliwa!"

Weee! Abiria walicheka, na mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yule mwenye tai hakucheka. Aliinama akasema, "Mama, mimi naishi hapa. Twende, na paja langu sijalisahau." Ndipo mama akakubali kuinuka, na paja akamfungulia palepale mlangoni.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi, kuku wa Iyunga bado ana uvuguvugu. Niliwaonjesha wote waliokuwa pale, nikiwaambia amechinjwa leo, Mbeya. Niliringa, ndiyo.

Jua lilikuwa halijazama nesi alipotoka na kichanga. "Bibi mzaa mama yupo?"

Swali hilo mara ya kwanza lilijibiwa na jirani.

"Nipo!" mama akaitika, korido nzima ikasikia. Akaikunjua ile khanga, mikunjo yake ya miaka bado imesimama, akampokea mtoto, akamwinamia.

"Kamwene," akamwambia. "Bibi yako safari hii hawakumwacha."