Siku Mzee Han Alipofufuka

Kwa miaka kumi na moja Raushan alikuwa akipanga tamthilia za kigeni katika kituo kimoja cha binafsi cha televisheni hapa Almaty, Kazakhstan. Yeye ndiye aliyeamua ya Wakorea ianze saa moja jioni, ya Waturuki ifuate, na matangazo ya kuwanasa watazamaji aliyaandika yeye.

Jumatatu, mzee Han, mpishi katika ile tamthilia ya Kikorea, alikufa na kuzikwa. Jumanne akaonekana jikoni akikata vitunguu na kuimba.

Simu hazikukatika. "We dada, jana nimelia mpaka macho yamevimba," mama mmoja alifoka, "leo maiti anapika! Mnatufanya watoto?"

Raushan alikimbilia stoo. Kasha la Jumanne liliandikwa sehemu ya kumi na tisa. Kanda ya ndani ilikuwa ya kumi na mbili. Waliokosea ni walioitia tamthilia sauti za Kikazakhi, au yeye ambaye hakuikagua? Hakujua amlaumu nani.

Mkuu wake, Dauren, alikuwa akicheka. "Usiombe radhi. Mji mzima unatuzungumzia. Andika tangazo: Je, mzee Han yu hai?"

"Lakini amekufa, kaka Dauren. Wote waliona akizikwa."

"Waache wabishane."

Raushan akaandika. Jumatano tangazo lilirushwa tangu asubuhi, na kila alipolisikia alijiuliza kama ule ni uongo au ni swali tu.

Mchana mama yake, Kulyash, akapiga simu. Alifiwa na mumewe majira ya baridi, na siku hizi chai ya jioni aliinywa akimtazama mzee Han.

"Mwanangu, kumbe walikosea kumzika?"

Jioni Raushan akaenda kwa mama yake. Kwenye kanda sahihi, iliyorushwa jioni hiyo, watoto wa mzee Han walikuwa wakikunja nguo za marehemu ili wazigawe. Kulyash alitazama mpaka mwisho.

"Nisamehe, mama. Kanda zilichanganyika. Lile tangazo nililiandika mimi."

"Nilijua amekufa. Mimi si mtoto."

"Sasa mbona uliniuliza?"

"Nilitaka kusikia utasemaje." Akacheka, kisha akajifuta macho. "Kesho mrudishe."

"Siwezi, mama."

"Si kupanga ndiyo kazi yako?"

Asubuhi Raushan aliliondoa tangazo bila kumuuliza Dauren, akaweka maneno ya kuomba radhi. Dauren alimgombeza mbele ya watu. Siku hiyohiyo watazamaji wakaanza kupiga simu tena, safari hii wakiomba ile sehemu iliyokosewa irudiwe. Raushan akaipanga Jumapili mchana, akamwarifu mama yake mapema.

Jumapili, sehemu ile ikirushwa, alimpigia mama yake simu, hakuna aliyepokea. Kulyash alikuwa amekwenda sokoni. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakuitazama, alijibu kwamba nyama ya farasi ilikuwa imeisha, kisha akauliza kama Raushan angekuja kula.