Diya ya mzee wa kisimani

Leo nimechangisha ngamia wa diya, fidia ya damu, kwa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Msicheke kwanza.

Nilipita karibu na dirisha la mwanangu Yusuf, fundi wa kompyuta hapa Garissa. Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Nimemuua yule mzee wa kisimani. Ngamia wake wote sasa ni wangu."

Akacheka!

Mimi, ambaye hata fisi wananiogopa, nilikimbilia kivulini. (Jua lilikuwa kali tu.)

Sikumuuliza kitu. Mtu akiua, ukoo ndio hulipa, tena upesi, kabla ndugu wa aliyeuawa hawajaja na bunduki. Nikawaita wazee wetu. Binamu yangu Hassan akatoa ngamia wake wa maziwa, machozi yakimtoka.

Ndipo tukaenda kwa muuaji.

"Maiti iko wapi?"

Yusuf akageuza kompyuta. "Hii hapa, Aabo. Ni mchezo. Humu ndani nimejifanya jambazi."

Kweli, kizee cha kuchorwa kimelala kando ya kisima.

Alhamdulillahi! Nilikaa sakafuni pale pale.

Hassan akafoka, "Kwa nini usijifanye mtu mwema?"

"Mwema niko kila siku, adeer, ami yangu. Nilitaka kuonja ubaya mahali ambapo haumuumizi mtu."

"Mimi umeniumiza!"

Nimemsamehe. Lakini nimemwamuru arudishe wale ngamia wa mchezoni kwa familia ya marehemu. Anasema mchezo haukumpa mzee familia. Nikamwambia hakuna mtu asiye na ukoo, atafute.

Nimekaa nyuma yake, fimbo mkononi. Bado anatafuta.

Nyinyi mngemwacha?