Shilingi mia ya mama inayong'aa kama kioo

Jamani, leo asubuhi nimekuwa tajiri kwa nusu saa!

Kwenye kopo la mama nimekuta shilingi mia ya miaka ya tisini, inang'aa kama kioo. Nikasema hii ndiyo ile sarafu maalumu inayotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji.

Mbio hadi kwa fundi saa, Kibaoni. Akaigeuzageuza juani.

"Zile maalumu hung'aa sehemu tupu inayozunguka picha, picha yenyewe haing'ai. Hii inang'aa kote, tena ina mikwaruzo. Imesuguliwa."

Nikarudi nimenuna. Mama akacheka.

"Niliisugua mimi, kwa majivu ya pumba, kama masufuria. Sikutaka umpelekee Mungu sadaka chafu siku ya komunyo yako ya kwanza. Ukaipenda, ukagoma kuitoa."

Chekeni tu.

Asante, mama. Jumapili hii naipeleka.