Mkoromo kwenye Tepu

Mimi hukoroma. Nimelikana jambo hili miaka mingi, mbele ya mama, mbele ya dada zangu na mbele ya mume mwenye subira, tena kwa lugha tatu.

Katikati ya miaka ya sabini nilitoka chuo kikuu na digrii ya sayansi, nikaajiriwa na hospitali moja ya misheni huku Kisii. Daktari mgeni alikuwa akichunguza watu wanaosinzia kazini. Walikuja kulala kwetu mchana, nami nilikaa kando ya kitanda, mapazia yamefungwa, nikitazama kifua kikipanda na kushuka huku tepu ikinasa pumzi.

"Umesoma yote hayo ili ulipwe kutazama watu wamelala?" mama aliniuliza nilipofika nyumbani Marani. "Paka wetu hufanya kazi hiyo bure."

Siku moja aliletwa mkaushaji wa majani ya chai kutoka upande wa Nyaramba, mtu wa zamu ya usiku, ambaye kiwanda kilikuwa kimechoka kumwamsha. Mimi nilikuwa nimetoka kula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Alilala. Nami nilifumba macho kidogo tu, au ndivyo nilivyojieleza baadaye.

Daktari alipoisikiliza tepu, alisikia mkoromo wa kutikisa migomba. Akakata shauri: koo limeziba, ndiyo maana usingizi haumtoshi. Aende Nairobi akapasuliwe.

"Na sauti yangu?" mgonjwa aliuliza. Kwaya ya kanisa lake ilikuwa na besi mmoja, naye ndiye.

"Huenda ikabadilika."

"Lakini mimi sikoromi, daktari."

"Wote husema hivyo," daktari alijibu, na chumbani mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Mke wa mgonjwa alinifuata hadi barazani. "Dada, huyu akilala mimi humgusa pua nijue kama yu hai. Anasinzia kwa kuwa mchana ana jembe na usiku ana kiwanda. Sauti hiyo ni ya mtu aliyeshiba." Akanitazama tumbo.

"Mashine haidanganyi, mama," nilimwambia. Nilikuwa na digrii.

Mumewe akapelekwa Nairobi. Siku moja kabla ya upasuaji, simu ililia ofisini kwa matroni, daktari akaipokea. Laini ilikuwa mbovu, na mpasuaji wa Nairobi alipiga kelele hata sote tukamsikia.

"Mgonjwa wenu tumemsikiliza usingizini, hana hata mluzi wa pua. Koo lake ni zima. Simpasui. Tunamrudisha awahi kwaya yake Sabato. Lakini tepu yenu pia tumeisikiliza, na huyo anayekoroma humo anahitaji kuonwa upesi. Chumbani alikuwa nani mwingine?"

Daktari aliziba simu kwa kiganja, akanigeukia.