Ganzi ya Yudith

Jumatatu asubuhi sindano ya cherehani ilimchoma Yudith kidole gumba, akaona damu lakini hakusikia maumivu. Mungu wangu! Akakiuma kwa meno. Wapi! Kilikuwa kama cha mtu mwingine. Sasa fundi nguo asiyehisi kidole gumba atamshonea nani?

Chanzo alikijua, na si cha kumsimulia jirani. Mumewe, Jailos, hufunga mbao kwenye malori kule Mgololo, hurudi Iringa mwisho wa wiki. Kwa miezi kadhaa walikuwa wakinong'onezana jambo lao, mke na mume, watu wazima: Yudith afungwe mikono, kwa ridhaa yake. Tena wazo lilikuwa lake, tusimsingizie mwanaume wa watu. Walijipanga kuliko wengine wanavyopanga harusi: mtandio laini badala ya kamba, mkasi karibu na kitanda, na neno moja la kusimamisha kila kitu, "Ipogolo." Jumapili mchana, watoto wako kwa bibi yao, wakafunga mlango.

Lakini mazoea yana taabu. Vidole vya Jailos vilifunga fundo la mbao, lile linalozidi kukaza mzigo ukijivuta.

"Mikono iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa."

Akauliza tena.

"Si nimesema iko sawa, jamani!"

Na Jumatatu hiyo, zahanati. Nesi aliona michubuko mikononi, akafunga mlango. "Dada, niambie ukweli. Mumeo amekufanyia nini?"

Akinyamaza, Jailos ataitwa polisi. Akisema, uso atauweka wapi?

"Nilitaka mwenyewe," alisema, machozi yakimlengalenga.

Nesi hakucheka. "Mshipa wa fahamu umebanwa. Mara nyingi unarudi polepole, ila siwezi kukuahidi. Fundo linalokaza halifungwi kwenye mwili wa mtu. Lazima vidole viwili vipite chini yake. Na ganzi ikianza tu, unafunguliwa hapo hapo. Yako ilianza lini?"

Yudith alitazama sakafu. "Mapema."

Alimpigia mumewe simu, na jioni Jailos akafika mbio, vumbi la mbao bado kichwani. Akaushika ule mkono, akajilaani.

"Ni fundo langu, mama Eliezeri. Mimi ni mjinga kabisa."

Ingekuwa rahisi kumwacha aubebe mzigo wote. Siku Yudith alipofundwa, shangazi zake walimwambia mke halalamiki chumbani, anavumilia, na yeye aliyameza yale maneno mazima mazima. Lakini kumwona Jailos akijitukana hivyo kulimuuma kuliko kile kidole.

"Baba Eliezeri, niliisikia ganzi. Tangu mwanzo. Niliona haya kukukatisha."

Jailos aliuachia mkono taratibu.

"Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

Alimtazama kama mtu aliyeibiwa.

"Kumbe mle chumbani nilikuwa peke yangu."