Gasketi ya Marcelino

Lori la Mzee Melkiori lilirudi kutoka vitani mwezi wa nane, mwaka 1979, likiendeshwa na mtu mwingine. Dereva aliyeondoka nalo alikuwa Marcelino, mdogo wake Vitalis, fundi wa magari wa mtaa wa Gerezani.

Ndugu hao walitoka Peramiho. Vitalis alitangulia Dar es Salaam, akajua ufundi, kisha akamwita mdogo wake amfundishe. Hakuwa mwalimu mpole. Siku moja Marcelino alikata pakiti ya sigara akatengenezea gasketi ya kabureta, ile karatasi ngumu inayoziba hewa kati ya kabureta na injini. Kesho yake gari la mteja likazima katikati ya barabara, Mnazi Mmoja. Vitalis alimfokea mbele ya watu.

"Mikono ya kulimia mihogo hiyo! Ufundi huuwezi hata uzaliwe mara ya pili."

Wiki ile ile Marcelino aliacha ufundi, akaenda kuomba udereva kwa Melkiori, Mchaga mwenye duka la jumla Kariakoo. Akamwoa Severa, msichana wa nyumbani kwao, wakapanga chumba Ilala. Jumapili walikuwa wakija kula kwa Vitalis. Ndugu hao walizungumza habari za nyumbani na za mpira. Za injini hawakuzigusa tena.

Vita vya Kagera vilipoanza, malori ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na chakula. La Melkiori likaenda pamoja na dereva wake. Mwezi wa nne ikaja taarifa kwamba Marcelino ameugua homa njiani, karibu na Masaka, Uganda, akafariki siku ya tatu, na amezikwa huko huko. Wakakaa matanga bila maiti wala kaburi.

Sasa lori lilikuwa limesimama mbele ya kibanda cha Vitalis, rangi imebabuka, kioo kimoja hakuna.

"Likiwa mwendoni halina neno," Melkiori alisema. "Ukitoa mguu kwenye mafuta tu, linazima. Aliyelileta anasema tangu Dodoma aliogopa kusimama." Akamgeukia Vitalis. "Fundi, kama huwezi kuligusa, niambie. Nitalipeleka kwingine."

"Niachie, mzee."

Alianza kama alivyoanza siku zote. Akatoa plagi, akazisafisha, akazirudisha. Akakaza skrubu ya sailensi, ile inayoiwezesha injini kuunguruma taratibu gari likiwa limesimama. Injini ikapanda, ikashuka, ikafa. Akafungua jeti ndogo ya kabureta, kitundu kinachopitisha petroli, akaipuliza kwa mdomo. Haikuwa na uchafu. Basi akamwomba Melkiori apande akanyage mafuta kidogo, naye akachukua kopo la oili akawa anadondosha tone moja moja kuzunguka kitako cha kabureta. Tone lilipofika upande wa nyuma likaziba mwanya, injini ikatulia ghafla, kisha ikaanza tena kuhangaika.

"Inavuta hewa hapa," alisema. "Zima."

Akafungua nati, akainua kabureta.

Gasketi iliyokuwa chini yake ilikatwa kwenye jalada la daftari la shule. Chini ya oili zilionekana bado namba za jedwali la kuzidisha. Yalikuwa matabaka matatu, yamepakwa grisi, yamegandamizwa pamoja, na kingo zake zimepunguzwa kwa wembe. Marcelino alikuwa wa mkono wa kushoto. Kila tundu lilionyesha kuwa wembe ulianzia upande wa mkono huo. Upande mmoja karatasi ilikuwa imekauka na kusinyaa, ndipo hewa ilipopenya. Lakini ilikuwa imelivusha lori hilo kutoka Uganda hadi Gerezani.

"Vipi, fundi? Ni mbaya?" Melkiori aliuliza kutoka juu.

Alipoteremka alimkuta Vitalis amekaa kwenye bampa, amegeukia upande wa gurudumu, mabega yanamtetemeka. Mzee akavua kofia yake, akasimama pale pale.

Vitalis alikata gasketi mpya kwenye karatasi ya kazi hiyo. Kazi ya nusu saa ilimchukua mchana mzima. Kisha akatuma mtu Ilala kumwita Severa.

Alikuja kwa miguu, bado amejifunga kitambaa cheusi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Akampa ile gasketi ya zamani, ameifuta vizuri. "Hii aliitengeneza mwenyewe. Huko huko."

Severa aliigeuzageuza. "Kaikata vizuri?"

"Kaikata vizuri. Mimi mwenyewe, mahali kama pale, nisingeweza zaidi."

"Hayo alikuwa akitamani ayasikie kwako," Severa alisema, bila ukali.

Vitalis akainamisha kichwa.

Kisha Severa akaomba akae ndani ya lori kidogo. Vitalis akamsaidia kupanda, akamweka kiti cha pembeni ya dereva, akawasha injini na kuteremka. Iliunguruma taratibu, bila kukatika. Petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi mwaka ule, na Melkiori hakuwa mtu wa kuacha gari likiunguruma bure. Alisimama kando, kofia mkononi, na hakusema lizimwe. Walikaa hivyo muda mrefu, wanaume wawili chini na mwanamke juu, hadi Severa mwenyewe alipofungua mlango.

Mwezi uliofuata Severa alirudi kwao Peramiho. Melkiori aliliuza lori kabla ya Krismasi.